Jazi Katika Ghala la Maharage

Mimi ni mwalimu wa baiolojia, na nalisema hili mapema kwa sababu watu walionisikia nikipuliza huniuliza nilisomea nini. Nilizaliwa Lushoto, nikapangiwa kazi Kibondo, na kwa miaka mingi nilichokijua kuhusu pumzi ni jinsi inavyoingia mapafuni na jinsi inavyotoka. Kwamba siku moja pumzi zangu mwenyewe zingewekwa kwenye albamu ya jazi, zikichanganyika na pumzi za manesi, walimu wenzangu, karani wa mahakama, bwana mifugo na katekista, hilo halikuwamo kwenye mtaala.

Chanzo ni sanduku. Lilikuwa kubwa kama banda la kuku, limetoka ng'ambo kwa watu wenye urafiki na hospitali moja ya kanisa kule Kasulu, na kila mtu pale hospitalini alikuwa na hakika kwamba ndani mna vitanda. Wodi ya wazazi ilishapakwa rangi kuvisubiri. Mganga mkuu alikuja na nyundo yake mwenyewe. Akang'oa ubao wa juu, akatoa kasha jeusi, akalifungua, akakuta klarineti. Akafungua la pili: klarineti. La tatu lilikuwa na filimbi ya rangi ya fedha imelala kwenye mahameli kama marehemu tajiri. Wakaendelea kufungua, wakijipa moyo kwamba chini kabisa hakutakosa hata godoro. Chini kabisa kulikuwa na saksafoni.

Baadaye ilieleweka kwamba shule moja huko ng'ambo ilivunja bendi yake, na watu wema wakaona vyombo visioze bure. Pamoja na ala walituma rundo la noti za jazi na ombi moja tu: tukishajifunza, tuwarekodie albamu, wasikie ala zao zinaishije. (Vitanda navyo vilikuja, mwaka uliofuata, kwa hiyo msomaji asiwahuzunikie akina mama wa Kasulu.)

Hospitali isingejua la kufanya na mali ile kama si mzee mmoja tuliyemwita Afande. Alikuwa mstaafu wa bendi ya jeshi, mzaliwa wa Rungwe Mpya huko huko Kasulu, aliyerudi nyumbani kulima tangawizi. Mgongo wake ulikuwa umenyooka hata akiwa amekaa, na alikunywa chai kana kwamba kuna mtu anampigia saluti. Tangazo lake lilizunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya watumishi wa wilaya zote za jirani: "Anayejua noti aje. Asiyejua noti lakini ana pumzi, naye aje."

Mimi nilikuwa na pumzi. Tena nikiwa shule niliwahi kupiga filimbi ya plastiki mbele ya mgeni rasmi, na wala hakuondoka. Nikapanda basi la kwenda Kasulu. Basi likaharibika njiani, nikafika wakati wenzangu wameshagawana ala zote. Waliopata filimbi walikuwa wanajitazama kwenye vioo vya madirisha. Waliopata klarineti walikuwa wanazipangusa kwa khanga. Bwana mifugo, mtu mnene mwenye utani mwingi, alikuwa amekumbatia saksafoni kubwa na kumuuliza Afande kwa nini tunaitwa kundi la ala za mbao wakati yeye ameshika shaba tupu.

"Saksafoni ni ala ya mbao," Afande akasema.

"Mbao iko wapi, Afande?"

"Kuna ulimi wa mwanzi hapo unapoweka mdomo. Huo ndio unaotoa sauti. Kwa hiyo ni mbao."

"Yaani ulimi mdogo hivi unabadilisha kabila la chuma chote hiki?"

"Jeshini hatuulizi," akasema Afande, na hapo ndipo nilipoelewa kikundi kitaendeshwaje.

Kona ya chumba kulikuwa na kasha moja ambalo halikuguswa. Ndani mlikuwa na vipande vya mti mwekundu vyenye vitufe vingi vya chuma, na bomba jembamba lililopinda kama mkono wa birika. Kwa wiki kadhaa hospitali ilikuwa imekitunza chombo hicho kwenye stoo ya vifaa vya upasuaji, kwa heshima kubwa, wakisubiri daktari bingwa aje aeleze kinaingizwa wapi. Afande aliviunga vipande, kikanifika mabegani. "Basuni," alisema. "Ni sauti ya chini kabisa. Mwalimu, umechelewa, hii ni yako."

Basuni ina ulimi wenye midomo miwili, ambao hulowekwa kwenye maji kabla ya kupuliza, na ina vitufe vya dole gumba vingi kuliko shughuli zote ambazo dole gumba limepata kupewa tangu tuumbwe. Nilijifunza kwa video za simu. Mwalimu wangu alikuwa msichana wa mbali, mwenye miwani, asiyejua kwamba nipo, na kila bando lilipoisha alibaki amefumba macho na mashavu yamevimba mpaka nilipoweka bando tena.

Nyumba niliyopanga Kibondo ilikuwa uani kwa mama mmoja Muha, mjane, mpole wa maneno lakini mwepesi wa miguu. Alasiri ya kwanza niliyopuliza nyumbani nilifunga mlango na dirisha. Nikavuta pumzi, nikatoa sauti ya chini, ndefu, iliyoanza vizuri kisha ikapasuka katikati. Nikarudia. Nikarudia tena. Mara mlango ukagongwa kwa haraka.

"Mwidiwe, mwanangu," alinisalimu mama mwenye nyumba kwa Kiha. Nyuma yake alisimama jirani yetu, mwanamume mwenye misuli, ameshika kamba. "Huyo ng'ombe umemleta lini? Anazaa vibaya. Ndama amekaa upande. Tupishe, huyu anajua kuvuta."

Niliwaonyesha basuni. Waliizunguka. Jirani alichungulia kwenye tundu la juu, akakuta hamna ndama.

"Kumbe ni bomba," mama akasema.

"Ni ala ya muziki, mama. Inapiga jazi."

"Na watu wanacheza?"

"Bado."

Akamruhusu jirani aende na kamba yake. Tangu siku hiyo basuni iliitwa bomba, na kila nilipofanya mazoezi mama alileta kigoda na beseni la muhogo, akamenya mbele ya mlango wangu. Nilipomuuliza kama simsumbui, alisema hapana, sauti ile inamkumbusha ng'ombe wa baba yake, Mungu amrehemu. Sikuthubutu kuuliza ni baba au ng'ombe aliyekuwa anarehemiwa.

Mazoezi yalikuwa Kasulu kila Jumamosi. Barabara siku hizi ni lami, safari si mateso kama zamani, lakini sisi tunaishi karibu na mpaka na vizuizi vya barabarani ni sehemu ya maisha. Jumamosi moja askari aliyepanda kukagua basi aliona kasha langu refu, akaligonga kwa kidole, akaniomba nishuke nalo.

"Fungua."

Nikafungua. Akatazama vile vipande vya mabomba.

"Hiki nini?"

"Ala ya muziki, mkuu. Inapiga jazi."

"Jazi ina gitaa."

"Hii yetu haina gitaa."

"Iunge tuione."

Nikaanza kuiunga, na abiria wakaanza kushuka kuangalia. Niseme ukweli: kwa kila kipande nilichoongeza, kile chombo kilizidi kufanana na kitu cha kuangushia ndege. Nilipochomeka bomba la juu, mama mmoja aliyebeba mtoto alirudi ndani ya basi taratibu.

"Piga," askari akasema.

Sikuwa na wimbo wa kupiga. Mtu wa sauti ya chini hana wimbo, ana mchango tu. Basi nikapiga mchango wangu wa kipande cha kwanza: pu, pu, kimya, pu, pu, kimya, kisha kimya kirefu. Askari alisubiri. Abiria walisubiri. Mbuzi aliyefungwa juu ya boneti ya lori la nyuma yetu alisubiri.

"Mbona umeacha?"

"Sijaacha, mkuu. Hapa noti zinasema nipumzike. Wanaopiga hapa ni klarineti."

"Wako wapi?"

"Kasulu."

Akanitazama kwa huruma ya kweli. "Kwa hiyo, mwalimu, unasafiri njia yote hii kwenda kunyamaza?"

Basi zima lilicheka, nami nikacheka, ingawa maneno yale yalinikaa moyoni mpaka Kasulu na ng'ambo yake. Tangu hapo, askari yule akiniona dirishani hupunga mkono: "Mama Bomba! Piteni!"

Sasa nieleze ugomvi, kwa sababu bila ugomvi ule albamu yetu ingekuwa gwaride.

Kulikuwa na mzee mwingine kwenye kikundi, mwenye duka la vipuri vya baiskeli pale Kasulu. Wazazi wake walitoka Burundi kama wakimbizi. Yeye ni Mtanzania siku nyingi, mwenye wajukuu na shamba. Ujanani alijifunza saksafoni kambini kwa Mkongomani mmoja, na Kiswahili chake kilibaki na vijipande vya Kifaransa kama mawe kwenye mchele. Tulimwita Baba Baiskeli. Alikuwa mtu mkimya, mwenye vidole vyeusi kwa grisi, na alipopuliza saksafoni yake ndogo hata manesi waliacha kupiga soga.

Tatizo lilikuwa noti. Kwenye noti, muziki hugawanywa vipande vidogo vinavyoitwa baa, na kila baa ina alama za kupigwa. Lakini katika noti zile za jazi zilizotoka ng'ambo kulikuwa na mahali ambapo baa zilikuwa tupu kabisa, zimechorwa vijistari vya mshazari tu.

"Hapa wachapaji wamesahau noti," Afande alisema siku alipoziona.

"Baa tupu?" bwana mifugo akasema. "Kasulu haijawahi kuwa na baa tupu."

Baba Baiskeli aliinua mkono. "Bon, Afande. Hawajasahau. Waliacha makusudi. Pale mtu anapiga ya kwake."

"Ya kwake ipi?"

"Ile inatoka ndani. Ile unasikia."

"Mimi nasikia njaa," bwana mifugo akasema, lakini Afande hakucheka.

"Mtu akifanya anachosikia mbele ya kikosi," alisema, "jeshini anaitwa mtoro."

Jumamosi iliyofuata Afande alikuja na baa zote zimejaa. Alikaa wiki nzima akizijazia noti zake mwenyewe kwa penseli, safi, zimepangwa kama viatu bwenini. Alimkabidhi Baba Baiskeli. "Hii hapa ndiyo inayotoka ndani yako. Piga kwa hisia."

Baba Baiskeli alipiga. Alipiga kila noti kama ilivyoandikwa, kwa urefu wake halisi, akimtazama Afande machoni bila kupepesa. Sijapata kusikia utii mchungu namna ile. Alipomaliza, nesi mmoja wa filimbi alipiga makofi kwa makosa.

Na kulikuwa na suala la mwendo. Afande aliongoza kwa kugonga meza na fimbo, na fimbo yake ilijua mwendo mmoja tu, ule wa watu wanaopita mbele ya jukwaa kuu. Kila kipande, hata kile cha kubembeleza, tulikipeleka mbio. Baba Baiskeli alisema mwendo ule umekaza, ulegezwe kidogo, muziki utembee kama mtu asiye na haraka. Afande alijibu kwamba asiye na haraka hakupaswa kuja mazoezini. Kuongeza ngoma hakukubali: "Ngoma zikiingia, filimbi mtazisikia kaburini." Basi tuliendelea hivyo miezi na miezi, kundi kubwa la watu wazima tukikimbizana kwenye jazi, huku nesi wa obo, ile ala nyembamba inayobana pumzi, akibadilika rangi kila tunapofika mwisho.

Wakati wa kurekodi tulichagua kiangazi, mvua isije ikapiga bati. Alikuja fundi mitambo kutoka Kigoma mjini, kijana mtanashati mwenye maikrofoni zilizofungwa kwa soksi. Aliingia kwenye ukumbi wa kanisa, akapiga kofi moja, akasikiliza, akatikisa kichwa: mwangwi. Tukampeleka darasani: mwangwi. Tukampeleka bwalo la shule: mwangwi, tena na popo. Mchana akaenda sokoni kununua maharage ya kumpelekea mkewe, akaingia kwenye ghala la mama mmoja, na katika kuonyesha kwamba bei imemshinda akapiga makofi. Hakurudishiwa sauti. Akapiga tena. Kimya. Magunia ya maharage yalikuwa yamepangwa kila ukuta mpaka karibu na paa, na yalikuwa yanameza kila kitu.

"Studio ni hapa," alitupigia simu akihema.

Mwenye ghala alikuwa mama mfupi mwenye sauti ya kuamrisha, na alitukubalia bila kinyongo, kwa sharti moja. "Mziki ni mziki, maharage ni maharage," alisema. "Mteja akija, nauza."

Afande alimhakikishia kwamba tutamaliza kabla ya mteja yeyote. Kesho yake tukaingia asubuhi na mapema, na viti vyetu, na chupa za chai. Kurekodi asubuhi ile kulikuwa vita kati ya muziki na vumbi la maharage. Nusu ya kikundi ilipiga chafya. Afande aliamuru chafya zote zipigwe kati ya kipande na kipande, na amini usiamini, watu walijaribu. Ungeona wanavyojikaza, macho yakitoka machozi, kisha fundi akisema "tayari" ghala zima linalipuka. Lakini sauti ilikuwa ya ajabu. Kila ala ilisikika karibu, kavu, kana kwamba mpigaji amekaa sikioni mwako. Tulirekodi vipande kadhaa, vyote mbio, vyote safi. Fundi alisema viko sawa kwa namna ambayo mtu husema ugali uko sawa.

Mchana lori likaja.

Lilikuwa lori la mnunuzi kutoka upande wa Kakonko, na lilirudi nyuma mpaka mlangoni, likakata mwanga wote. Makuli wakashuka, wamejifunga magunia mabegani.

Afande alisimama mlangoni, mgongo umenyooka. "Mama, tunarekodi."

"Naona, baba. Na mimi nauza."

"Tupe mpaka jioni."

"Jioni lori liko Kakonko."

"Mama, hii ni kazi ya sanaa. Itasikika ng'ambo."

"Na maharage yangu yataliwa hapahapa," mama akasema. "Nani alitangulia kuingia ghalani humu, wewe au maharage?"

Miaka yote ya jeshini haikuwa imemwandaa Afande kwa swali lile. Fundi alikuwa na basi la kurudi kesho yake, na tulikuwa na vipande vya kumalizia. Mwishowe walikubaliana: makuli watabeba bila kuongea, sisi tutapiga bila kusimama, kila mtu atajifanya mwenzake hayupo.

Fimbo ya Afande ikagonga: moja, mbili, tatu, nne. Tukaanza mbio kama kawaida. Makuli nao wakaanza. Gunia la maharage si mto wa kulalia. Mtu aliyelibeba hatembei kwa gwaride. Anaburuza mguu kwenye sakafu, kisha anakanyaga ule ubao uliolazwa kupandia lori: sha-pa. Anayemfuata: sha-pa. Wakapanga mstari, na baada ya muda miguu yao yote ikawa kitu kimoja, sha-pa, sha-pa, kizito, kimelegea, hakina habari na fimbo ya mtu.

Mimi nilikuwa nimekaa karibu kabisa na ule ubao. Sijui niliacha lini kumtazama Afande. Ninachojua ni kwamba pu yangu ilianza kuangukia kwenye pa yao. Mpiga klarineti aliyekaa jirani yangu akanifuata. Nyuma yetu saksafoni kubwa ya bwana mifugo ikalegea kama mtu aliyefungua mkanda baada ya kula. Kundi lote likashuka, polepole, kama lori linavyoshuka mteremko na breki zake nzuri, mpaka fimbo ya Afande ikabaki inagonga peke yake huko mbele.

Akagonga kwa nguvu zaidi. Hakuna aliyemsikia. Nikaona uso wake, na kwa kweli niliogopa, maana alikuwa ameduwaa kama mzazi aliyefungua mlango akakuta watoto wote wamekua.

Tukafika kwenye baa tupu. Baba Baiskeli alikuwa na karatasi yenye noti za Afande mbele yake. Akafumba macho. Akapuliza noti moja, akaishikilia, akaiacha iteleze chini, na kutoka hapo akaondoka zake. Siwezi kueleza alichopiga. Kulikuwa na wimbo wa Kirundi ndani yake wa kulaza watoto, nesi mmoja aliniambia baadaye, na kulikuwa na kengele ya baiskeli, hiyo niliisikia mwenyewe. Kuli mmoja alisimama katikati ya ubao na gunia lake begani. Mwenzake wa nyuma akamsukuma kwa tumbo: "Twende bwana, unaharibu muziki!" Maneno hayo yamo kwenye albamu.

Baba Baiskeli alipomaliza, baa tupu zilikuwa bado zipo, na Afande akafanya jambo ambalo hatukulitegemea. Akaweka fimbo mezani. Akaninyooshea kidole mimi.

Mimi, mtu wa kunyamaza. Sikuwa na chochote ndani cha kutoka. Nilivuta pumzi kwa woga mtupu, nikafungua vidole, na kilichotoka ni ile sauti ya siku ya kwanza ya Kibondo, ya chini, ndefu, inayopasuka katikati. Safari hii sikuikatiza. Niliifuata ilikopasukia, nikapanda nayo, nikashuka nayo, nikairudia kwa sha-pa ya makuli, mpaka mmoja wao akapiga mbinja na mama wa maharage akasema kwa sauti kubwa, "Imana yanje, Mungu wangu, ng'ombe!" Kikundi kikaangua kicheko kwenye ala, kila mtu akicheka kwa pumzi alizonazo, filimbi zikipiga mayowe, na kipande kikaisha chenyewe bila mtu kukimaliza.

Wote tukamtazama Afande.

Alikohoa, akavuta shati lake. "Nimeruhusu," akasema.

Tukaendelea alasiri yote. Na hapa kuna jambo ambalo fundi alipaswa kulijua: kila gunia lililotoka lilituachia kipande cha ukuta. Mwangwi ukaanza kurudi. Kwenye vipande vya kwanza vya mchana ulikuwa kama mtu anayenong'ona chumba cha pili. Kufikia kipande cha mwisho ghala lilikuwa tupu kabisa, na sisi tulisikika kama tumo ndani ya kanisa kuu la mawe. Fundi alishika kichwa, akahamisha maikrofoni, akafungua soksi, akafunga soksi. Kisha akavua zile headphone, akakaa kwenye sakafu penye maharage yaliyomwagika, akasikiliza tu kwa masikio yake.

Kuipa albamu jina kulituletea mzozo mpya. Afande alitaka "Nidhamu". Baba Baiskeli alitaka neno la Kifaransa ambalo hakuna aliyeweza kuliandika. Bwana mifugo alitaka "Baa Tupu", katekista akakataa katakata. Mwishowe mama wa ghala, aliyekuwa amekuja kudai benchi lake, alisema iitwe "Gunia la Mwisho", na kwa kuwa tulikuwa tumechoka, ikaitwa hivyo.

Ng'ambo waliipenda. Walitupigia simu ya video, Afande amevaa tai, sisi wote tumejibana nyuma yake. Mwalimu mzee wa ile bendi iliyovunjwa alikuwa anafuta machozi, na alikuwa na swali moja: huyo mpiga ngoma wetu ni nani, mbona jina lake halikuandikwa?

Afande alisimama wima. "Ni makuli wa maharage," akasema kwa Kiingereza chake cha jeshi, na yule mzee akaitikia kwa heshima, akidhani ni jina la bendi maarufu.

Hapa kwetu mambo yalikwenda kwa namna yake. Redio moja ilitupiga kidogo, asubuhi, kabla ya taarifa ya bei za mazao. Walimu wenzangu walinipongeza, kisha wakaniuliza kama kuna kipande chenye kuimba. Wanafunzi wa kidato cha tatu waliniambia, "Madam, ngoma yenu ni kali," na sijui kama walimaanisha nzuri au inauma. Baada ya miezi michache niliamini kwamba albamu imezikwa.

Kisha siku ya gulio nilikwenda soko la Kibondo kununua samaki aina ya migebuka. Katikati ya kelele nikasikia pumzi zangu. Si mfano wa pumzi zangu, ni zenyewe. Nilisukuma watu mpaka nikafika kwa muuza dawa mmoja mwenye spika imefungwa kwenye pikipiki. Spika ilikuwa inarudia, bila kuchoka: "Dawa ya panya! Dawa ya mende! Dawa ya viroboto!" na chini ya maneno hayo, ikipasuka, ikipanda, ikishuka, basuni yangu.

Nilimuuliza muziki ule ameutoa wapi.

"Kwenye simu ya mtu," alisema. "Ni muziki wa kizungu. Zamani nilikuwa naweka bongofleva, watu wanacheza wanapita. Hii wanasimama. Wanadhani ndivyo panya anavyolia akinywa dawa."

"Huyo anayepuliza ni mimi," nikasema.

Alinitazama toka juu mpaka chini: ushungi wangu, kikapu changu cha mwalimu, migebuka inayochungulia. Watu wawili watatu wakageuka. Nilijiandaa kuaibika, lakini kwa mshangao wangu nilikuwa nimesimama kama Afande.

"Dada yangu," akasema, na sauti yake ikabadilika kabisa, "nimekutafuta bila kujua ninakutafuta. Nina dawa mpya ya kunguni. Huwezi kunipigia na ya kunguni?"

Nilimwambia nitafikiria. Lakini njia nzima ya kurudi nyumbani, kikapu mkononi, nilishaanza kuitafuta: kunguni ni mdogo, anahitaji noti za juu, na basuni huko juu hulia kwa taabu sana, jambo ambalo kwa kazi ile lingefaa.